Kununua Mipira ya Gari Bila Kupigwa: Mwongozo Kamili kwa Barabara za Unguja na Pemba

Tangu masika yaliyopita nimeitwa mara nne kwenda kumtazama mtu aliyekwama njiani, na mara zote nne mwenye gari alinambia neno lile lile: "Lakini mipira mipya hii, nimenunua juzi tu!" Mmoja mpira wake ulikuwa umeota nundu ubavuni, kubwa kama yai la bata. Mwengine RAV4 yake ilikuwa ikiteleza mvuani kama imepakwa sabuni, na meno bado marefu. Wote walinunua kwa macho. Waliona weusi, wakaona meno, wakasikia bei, wakatoa pesa.

Mambo mengi unayotaka kuyajua yameandikwa ubavuni mwa mpira kwa herufi na namba zilizochomoza. Kazi ni kuzisoma kabla pesa haijatoka mfukoni. Hapa nazungumzia gari zetu za kila siku: Vitz, IST, Noah, RAV4, Escudo, na Prado kwa waliojaaliwa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Picha ya kibandiko cha upepo. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo. Kikiwa kimebabuka, tafuta kitabu cha gari.
- Simu yenye tochi inayowaka vizuri.
- Njiti ya kibiriti na rula ya mtoto wa skuli.
- Geji yako mwenyewe ya upepo. Za vituoni nyingi zimeshaangushwa chini mara nyingi kuliko zinavyosema kweli.
- Kitambaa na chupa ya maji. Hivi ni vya kufutia ile rangi nyeusi inayopakwa mipira ya mtumba.
- Karatasi na kalamu.
- Pesa ya mipira, na juu yake pesa ya valvu mpya, balansi (kusawazisha uzito wa gurudumu) na alaimenti (kunyoosha magurudumu). Ukienda na pesa ya mipira peke yake, hayo mengine utayaruka, na ndiyo yanayoilinda.
- Asubuhi nzima. Usiende karibu na magharibi, fundi anataka kufunga duka na wewe unataka kurudi. Haraka hiyo ndiyo inayouza mipira mibovu.

## Hatua ya 1: Soma mipira ya zamani kabla hujaivua

Mpira uliokwisha ni shahidi. Ukifunga mipira mipya juu ya ugonjwa wa zamani, italika vile vile na kwa kasi ile ile, halafu utalaumu duka.

Geuza usukani mpaka mwisho ili uso wa mipira ya mbele utokeze nje, kisha tazama imelika wapi. Ikiwa kingo zote mbili zimekwisha na katikati bado kuna meno, ulikuwa unaendesha na upepo mdogo. Ikiwa katikati ndiko kulikokwisha, upepo ulizidi. Ukingo mmoja tu, wa ndani au wa nje, maana yake alaimenti imetoka au bushi na tairodi, yaani viungo vya chini vya magurudumu, vimechoka. Na ukipitisha kiganja ukahisi vibonde na vilima, shokapu zimekufa au balansi haipo.

Angalia mkono. Mpira uliolika sana hutoa nyuzi za waya, na zinachoma kama sindano. Tazama kwanza, ndipo upapase.

Sasa pima kina. Ingiza njiti kwenye mfereji, weka ukucha pale inapokutana na uso wa mpira, ichomoe uipime kwenye rula. Mpira mpya wa gari ndogo huwa na milimita 7 au 8 hivi. Ndani ya mifereji utaona vijituta vidogo, na ubavuni pameandikwa TWI au pana pembetatu ndogo kuonesha vilipo. Uso ukiwa sawa na vijituta hivyo zimebaki milimita 1.6, na hapo mpira umekwisha, hauna mjadala. Mimi sisubiri hapo. Chini ya milimita 3 mifereji haiwezi tena kutoa maji ya masika kwa haraka, gari inaanza kuelea juu ya maji, na usukani unakuwa mwepesi mkononi kama wa gari iliyopandishwa jeki.

Umefanikiwa ikiwa: karatasi yako ina mistari minne, mmoja kwa kila gurudumu, na kila mstari unasema umelika wapi na kwa sababu gani. Kama sababu ni bushi au shokapu, tengeneza hizo kwanza.

## Hatua ya 2: Chukua namba kutoka mlangoni

Watu wengi huinama, wakasoma namba ya mpira uliopo, wakaenda nayo dukani. Lakini gari yako ilipita mikono mingapi kabla ya kukufikia? Huenda aliyekutangulia alifunga kilichokuwepo siku hiyo. Namba ya kweli ni ya kibandiko cha mlangoni.

Tuchukue 215/70R16 100H, namba inayoonekana sana kwenye RAV4 za zamani:

- 215 ni upana wa mpira kwa milimita.
- 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana. Asilimia 70 ya 215 ni milimita 150 na nusu.
- R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na mipira ya gari ndogo siku hizi karibu yote ni R.
- 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.
- 100 ni uzito, H ni kasi. Hizo nitazirudia.

Hapa ndipo wengi wanapotegwa. Unafika dukani, 215/70R16 haipo, muuzaji anasema: "Chukua hii 215/65, kitu kimoja hicho, rimu si 16?" Rimu ni 16 kweli, lakini mpira si mmoja. Fanya hesabu: inchi 16 ni milimita 406, ongeza kimo cha ubavu mara mbili. Wa 70 unatoka na kipenyo cha milimita 707 hivi, wa 65 unatoka 686. Gari inashuka kama sentimita moja, na kwa anayepita njia za mawe kila siku sentimita hiyo ina thamani. Spidometa nayo itasema 60 na wewe unakwenda 58.

Kanuni ninayoifuata: tofauti ya kipenyo isizidi asilimia 3, na bora zaidi isiwepo. Ukikuta gari imeshabadilishwa rimu kwenda 17, kibandiko hakitakupa jibu moja kwa moja, lakini hesabu hiyo hiyo itakupa. 225/65R17 ina kipenyo cha milimita 724, kubwa kwa asilimia 2.4 kuliko ile ya 707. Inaingia ndani ya kanuni, ila kabla ya kulipa geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto uone kama mpira unalamba plastiki ya ndani ya madigadi.

Noah nyingi za miaka ya 2000 zinatumia 195/65R15, na IST 175/65R14. Nazitaja ili ujue namba zinavyofanana, usiende dukani kwa kunukuu maneno yangu. Tazama mlango wako.

Umefanikiwa ikiwa: una namba moja kwenye karatasi, na unaweza kumweleza mtoto kila kipande chake kina maana gani.

## Hatua ya 3: Uzito unaobeba na kasi usiyoikimbia

Ile 100 ni fumbo la uzito ambao mpira mmoja unaweza kuubeba ukiwa na upepo wake kamili. 82 ni kilo 475, 84 ni 500, 91 ni 615, 95 ni 690, 98 ni 750, 100 ni 800, 102 ni 850. Usishuke chini ya namba ya asili ya gari yako hata kwa nukta moja. Kupanda hakuna ubaya.

Kwa IST ya kwenda kazini hili halina shida. Tatizo liko kwa wanaobeba. Noah inayopakia watu mpaka wa mwisho anakaa na mlango mapajani, na Suzuki Carry inayoteremsha magunia ya karafuu msimu ukifika, hizo zinahitaji mpira wenye ubavu mgumu. Carry kwa asili hutoka na mpira wa kubebea mzigo, ulioandikwa mfano 145R12 6PR. Ile 6PR ni nguvu ya mwili wake. Ukimfungia mpira laini wa gari ya abiria kwa sababu rimu imekubali, ubavu utajikunja chini ya mzigo, utapata moto, na siku moja utapasuka ukiwa kwenye mteremko.

Herufi ya mwisho ni kasi: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210, V ni 240. Usishuke chini ya herufi ya mipira ya asili, maana inaonesha pia jinsi mpira unavyostahamili joto. Lakini usikubali kuongezewa bei kwa ajili ya V. Unguja yote kwa urefu ni kama kilomita 85. Hiyo 240 utaikimbilia wapi?

## Hatua ya 4: Umri, kitu kinachotumaliza zaidi

Mwaka 2021 nilinunua mipira minne katika duka moja la mjini. Ilikuwa na vibandiko, ina vile vinyweleo vya mpira juu ya uso, inang'aa. Baada ya miezi mitano nikaona mistari midogo ubavuni, mithili ya ufa wa udongo uliokauka. Nikamwonesha mzee mmoja fundi. Hakusema kitu, alipiga goti chini, akanyoosha mkono: "Mwanangu, hebu nipe tochi."

Akafuta vumbi kwa dole gumba mpaka zikatokea namba nne ndani ya kiduara kirefu: 0814.

"Wiki ya nane, mwaka 2014," akasema. "Umenunua mpira wa miaka saba."

Nilikuwa nimeipita namba hiyo mara mia bila kuijua. Hivyo ndivyo inavyosomwa: tafuta herufi DOT ubavuni, fuata mpaka mwisho wa mstari, chukua tarakimu nne za mwisho. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1425 ni wiki ya 14 ya 2025. Ukikuta tarakimu tatu tu, mpira huo ulitengenezwa kabla ya mwaka 2000, urudishe pole pole ulipoutoa.

Mara nyingi namba hizo zipo ubavu mmoja tu. Kama huioni, geuza mpira. Kama umeshafungwa kwenye rimu, namba inaweza kuwa upande wa ndani, kwa hiyo isome *kabla* fundi hajaanza kufunga, na soma yote minne. Kuchanganya mitatu mipya na mmoja wa zamani ni mchezo wa kawaida.

Kwa nini umri una uzito zaidi kwetu? Mpira huzeeka kwa jua, joto na hewa hata ukiwa haujatembea mita moja. Tazama mipira inavyopangwa nje ya maduka, inaota jua tangu asubuhi mpaka alasiri. Halafu tunaifunga kwenye gari inayolala uani bila kivuli. Mafuta ya ndani yanakauka, mpira unakuwa mgumu, haushiki lami ya maji, na nyuzi za ndani zinaachana na mwili.

Mipaka yangu ni hii. Mpira mpya nanunua usiozidi miaka miwili tangu kutengenezwa. Nikiona umehifadhiwa ndani kivulini, nafika mitatu na naomba bei ipunguzwe. Ukishatimiza miaka mitano, unakaguliwa kwa makini kila mwaka. Ukifika kumi unatoka, hata ukiwa na meno ya simba.

Onyo: ukimuuliza muuzaji tarehe akakwambia "mipira haina tarehe kama maziwa", ondoka. Labda hajui, labda anajua. Kwa mfuko wako ni mamoja.

## Hatua ya 5: Hakikisha hununui mpira wa barafu

Hili ningeliweka la kwanza kama si kwamba lazima uwe na namba kabla.

Gari zetu nyingi zinatoka Japani, na huko watu wana mipira miwili: ya kiangazi na ya theluji. Gari ikiuzwa majira ya baridi, inakuja na ile ya theluji miguuni. Mipira hiyo hiyo huja pia peke yake kama mtumba. Inapofika hapa inaonekana almasi: meno marefu, jina kubwa, bei nafuu.

Kijana mmoja anayepakia wageni alinionesha yake kwa furaha. Nikamwambia abonyeze ukucha kwenye uso wa mpira. Ukucha ukazama.

"Kaka, mbona laini hivi?"

"Umetengenezwa kukanyaga barafu, sheikh. Wewe unaupeleka Kiwengwa saa saba ya mchana."

Mpira wa theluji hutengenezwa kwa mchanganyiko laini ili usigande kwenye baridi kali. Kwenye lami yetu unalegea zaidi, unaliwa kama kifutio, unayumba kwenye kona, na mvua ikinyesha hauna mshiko. Huyo ndiye yule wa RAV4 ya sabuni niliyemtaja mwanzo.

Dalili zake hazifichiki. Ubavuni pameandikwa STUDLESS, au pana mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na nyota ya theluji ndani yake. Kwenye uso, kila jino limekatwa mistari myembamba mingi, kama mkate uliopitishwa kisu bila kutenganishwa. Majina kama Blizzak na iceGUARD ni ya mipira ya theluji, na ni mipira mizuri sana, huko kwao.

Usichanganye na maandishi M+S. Hayo yapo kwenye mipira mingi ya gari za juu na peke yake hayana tatizo. Tafuta neno STUDLESS na ile mistari myembamba mingi; mchoro wa mlima peke yake hautoshi, maana baadhi ya mipira ya misimu yote nayo inao.

## Hatua ya 6: Barabara unayopita kweli

Usinunue mpira wa safari unazoziota. Jiulize katika siku kumi, ngapi upo kwenye lami.

Anayezunguka mjini, Amani, Mwanakwerekwe, Fumba, na mara moja moja kwenda shamba kwa lami, anataka mpira wa barabarani wenye mifereji mipana ya kunyooka inayozunguka mpira mzima. Kwenye gari za juu huandikwa H/T, yaani wa lami. Una utulivu, unakula mafuta kidogo, unatoa maji vizuri. Hata Prado, kama haijawahi kuona tope, inatosha huo.

Anayeingia njia za hoteli na vijiji vya mashariki, Matemwe, Jambiani, Paje, anakutana na adui mwengine: jiwe la matumbawe. Ardhi ile ya uwanda ni mawe yenye ncha, na hayatoboi uso wa mpira, yanachana ubavu. Kwa huyu kinachotakiwa ni ubavu imara na mrefu. Mpira wa A/T, yaani wa lami na wa vumbi pia, wenye kashata (vile vipande vya meno) za wastani unafaa, na usikubali kuhama kwenda rimu kubwa yenye ubavu mwembamba kwa sababu ya urembo. Nimeona rimu ya 18 iliyopinda kwa jiwe moja ambalo Escudo ya rimu 16 ilipita ikicheka.

Pemba ni habari tofauti. Kutoka Mkoani kwenda Chake na kuendelea Wete ni vilima na mabonde, na ukiacha lami unaingia udongo mwekundu ambao mvua ikiupiga unakuwa sabuni. Hapo A/T si anasa. Lakini M/T, ile ya tope yenye kashata kubwa kama ya trekta, mimi siishauri hata huko kwa gari ya kila siku. Inapiga kelele, inakula mafuta, na kwenye lami yenye maji inashika vibaya kuliko A/T. Waachie wenye kazi za porini.

## Hatua ya 7: Mpya wa jina usilolijua, au mtumba wa jina kubwa?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na jibu langu halipendwi: mpya, hata wa jina dogo, ukiwa na tarehe nzuri na namba sahihi. Mtumba hujui ulipigwa wapi. Fanya hesabu kwa mwezi badala ya kwa mpira. Ikiwa mtumba ni nusu ya bei lakini utadumu robo ya muda, umelipa mara mbili.

Najua lakini kwamba mfuko una neno la mwisho. Ukilazimika kununua mtumba, ukague hivi, mmoja mmoja, ukiwa *nje* ya rimu:

1. Soma tarehe. Zaidi ya miaka minne, uache.
2. Mwagia maji, sugua kwa kitambaa mpaka rangi itoke, kisha kunja ubavu kidogo kwa mikono. Nyufa zilizofichwa na rangi zitafunguka.
3. Tazama ndani kwa tochi. Kiraka kimoja katikati ya uso kilichofanywa vizuri si kesi. Kiraka ubavuni au begani, pale uso unapokutana na ubavu, uache. Ukiona mduara wa mikwaruzo ubavuni kwa ndani pamoja na vumbi jeusi la mpira, gari iliendeshwa bila upepo na mwili umekwisha ingawa uso ni mzuri.
4. Pitisha kidole kwenye ukingo unaokaa kwenye rimu. Ukiwa umechanika au waya unaonekana, utavuja maisha yake yote.
5. Chunguza vile vijituta vya TWI. Mifereji ikiwa imekatwa mpaka vijituta havipo, mpira umechongwa kwa kisu ili uonekane una meno. Kilichobaki chini ni karatasi. Huo usipewe hata bure.

Umefanikiwa ikiwa: umekataa angalau mmoja. Sijawahi kukagua mitumba minne nikaikubali yote minne.

## Hatua ya 8: Mingapi, na ikae wapi

Bora minne. Kwa gari ya fowili ya muda wote, inayosukumwa na magurudumu yote manne, minne ni karibu sharti: magurudumu yenye vipenyo tofauti yanafanya difu ifanye kazi hata barabara ikiwa imenyooka, na difu ni ghali kuliko mipira.

Ukiweza miwili tu, iwe jozi moja, namba moja, muundo mmoja, ekseli moja. Na ifunge nyuma. Najua fundi atabisha, atasema gari yako inavutwa na magurudumu ya mbele. Ni kweli, lakini mbele ikiteleza, unaisikia kwenye usukani na ukiachia mafuta inarudi. Nyuma ikiteleza gari inajigeuza yenyewe, na huna muda wa kufikiri.

## Hatua ya 9: Siku ya kufunga

Simama pale. Usiende kunywa chai.

Rimu isuguliwe kwanza kwa brashi ya waya pale mpira unapokaa. Chumvi ya bahari inaila rimu, ya chuma na ya aluminiamu, na kutu hiyo ndiyo inayofanya upepo upungue kidogo kidogo bila pancha yoyote. Valvu za mpira zibadilishwe zote. Cha kulainishia ukingo ni maji ya sabuni, usikubali grisi wala petroli, inakula mpira.

Tazama ubavu. Penye mshale na neno ROTATION, mshale uelekee mbele gari inapokwenda. Penye neno OUTSIDE, liwe nje. Fundi akijaza upepo ili ukingo ukae, wewe kaa mbali, na isizidi PSI 40. Ukigoma, utolewe upepo, ulainishwe upya.

Kisha balansi kwa kila gurudumu. Nati zianzwe kwa mkono, zikazwe kwa msalaba, moja na ya mkabala wake, gari ikiwa chini. Kwa Toyota ndogo nguvu ya kukaza, kwa spana yenye kipimo, ni kama Nm 103. Bunduki ya upepo ikikaza mpaka mwisho, siku ya pancha njiani hutaweza kuzifungua, au boliti zitakatika. Baada ya kilomita 50 mpaka 100, zikaze tena.

Alaimenti ni ya mwisho, na si ya kuchagua.

Umefanikiwa ikiwa: kwenye barabara iliyonyooka, ukilegeza mkono kidogo, gari haivuti upande, usukani umekaa sawa, na ukifika 80 mahali panaporuhusu hautetemeki.

## Hatua ya 10: Upepo

Kibandiko cha Kijapani kimeandikwa kwa kPa, na kwenye mabano namba ndogo kama 2.2. Mafundi wetu wanatumia PSI. Kumbuka hizi: 210 ni kama 30 na nusu, 220 ni 32, 230 ni 33 na nusu, 240 ni 35. Usifuate namba kubwa iliyo ubavuni mwa mpira, hiyo ni ya mwisho unaoweza kustahamili, si ya gari yako.

Pima asubuhi, mpira ukiwa baridi. Gari iliyotoka Nungwi mchana itaonesha kama 4 zaidi, na ukiupunguza hapo, kesho asubuhi utakuwa na upepo mdogo. Pima kila wiki mbili, na kila utakapobeba mzigo tazama kama kibandiko kina namba ya pili ya gari iliyojaa.

Siku za mwanzo endesha kwa utaratibu, maana uso wa mpira mpya una utelezi wa kiwandani mpaka ulike kidogo. Kila kilomita 10,000 hamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele.

Halafu fungua kifuniko cha spea. Kwenye Escudo na RAV4 za zamani inaning'inia mlango wa nyuma, inapigwa jua miaka nenda miaka rudi, na hakuna anayeikumbuka. Isome tarehe kama ulivyosoma ile minne, ijaze upepo kuliko kawaida kidogo kwa sababu hutaipima mara kwa mara, na hakikisha spana iliyomo ndani ya gari inaingia kwenye nati zako.